Ufunguo Uko Mfukoni mwa Nani?

Wiki hii nataka tutafakari juu ya mikono, hasa mikono ya wale wanaopata riziki yao kwa mashine za mbao. Tuko nao wengi katika ushirika huu: mafundi wa fanicha, vijana wa kupasua magogo, akina mama wanaopaka vanishi, na wenye karakana wenyewe. Waliotoka pande za Molo na Elburgon wanakumbuka jinsi marufuku ya kukata miti iliyowekwa Februari 2018 ilivyonyamazisha mashine nyingi, na jinsi matumaini ya kazi yalivyorudi Rais alipotangaza Julai 2023 kwamba marufuku hiyo imeondolewa. Huku mjini, ukikaribia Gikomba unasikia msumeno kabla hujauona. Ni kazi ya heshima. Bwana wetu mwenyewe alijulikana kwao kama seremala.

Sasa swali ni hili: mtu akipoteza vidole akisafisha mashine, nani anafaa kujibu?

Angalia, nimesema akisafisha. Tukisikia habari ya ajali ya mashine ya mbao, tunaona akilini mtu anayesukuma ubao kwenye msumeno. Hiyo ipo. Lakini mkono huumia pia wakati hakuna ubao wowote unaokatwa: maranda yameziba mahali pa kutokea, utomvu umeganda kwenye rola, kipande kimekwama chini ya kisu, au ni saa kumi na moja jioni na mtu anapangusa vumbi ndio aende nyumbani. Nataka tukae hapo, kwa sababu hapo ndipo lawama zetu hupotea njia.

MAJIBU MATATU TULIYOZOEA

Jibu la kwanza liko katika methali: ajali haina kinga. Ni methali ya kufariji, na kando ya kitanda cha hospitali ina mahali pake. Lakini ukiichukua kama maelezo ya kile kilichotokea, inasema zaidi ya inachojua. Ziko ajali zisizo na kinga. Hii ya kusafisha mashine inayo, na si siri. Kanuni maalum za mashine za mbao zimekuwa katika vitabu vya sheria vya nchi hii tangu 1959, kabla hatujapata uhuru.

Jibu la pili tunalipenda sisi watu wa kanisa: ni adui. Jumapili ndugu anasimama na mkono uliofungwa bendeji, tunaomba, tunakemea, tunaufunika mkono kwa damu ya Yesu. Mimi naamini maombi, na sitaacha kuomba. Lakini Jumatatu mashine ni ile ile, haina kifuniko, na kijana mwingine ameshapewa nafasi ya yule aliyeumia. Kama adui alipita mahali, mlango huo bado uko wazi, na mwenye kuufunga anajulikana kwa jina. Tena tukumbuke kwamba Bwana alipoambiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa sababu malaika wangemdaka, alikataa (Mathayo 4:5-7). Kutia mkono kwenye mashine inayozunguka ukitegemea ulinzi ni jaribu lile lile, ila limevaa ovaroli.

Jibu la tatu ndilo linaloonekana la haki kuliko yote: ni uzembe wake. "Kwani hakuona inazunguka?" Hili haliwezi kujibiwa kwa sentensi moja. Lazima kwanza tuone mkono hufikaje pale.

MKONO HUFIKAJE PALE

Paini na saipresi zina utomvu. Mbao zikipita kwenye mashine ya kuranda, utomvu hushika rola, na baada ya muda mbao zinaanza kuteleza au kukwama. Lazima rola isafishwe. Sasa fikiria: rola ikiwa imesimama, mtu anasugua upande mmoja, anaizungusha kidogo kwa mkono, anasugua tena, anazungusha tena. Rola ikiwa inazunguka, anashikilia tu kitambaa na rola inajileta yenyewe. Mtu anayefanya hivyo hajakosa akili. Amegundua njia ya mkato inayomfaa leo, kesho na kesho kutwa, hadi siku ile uzi unaposhikwa, uzi ukavuta kitambaa, na kitambaa kikavuta vidole. Glavu hapo haimwokoi. Kinyume chake, ikishikwa inavuta mkono wote ulio ndani yake. Pete, saa, bangili na mikono mirefu ya shati hufanya vivyo hivyo.

Chukua tena maranda. Yakiwa mabichi hujazana kwenye bomba la kutokea hadi mashine inalemewa. Fundi anazima, anainama, anapeleka mkono ndani ya bomba kuyachomoa. Amezima, ndiyo. Lakini silinda ya visu ni nzito, na haisimami kwa sababu tu swichi imezimwa. Inaendelea kuzunguka kwa mwendo uliobaki, na hiyo inaweza kuchukua muda mrefu kuliko subira ya mtu mwenye haraka. Katika karakana yenye mashine tano zinazonguruma, na masikio yamezibwa, hawezi kusikia kama hii moja imetulia. Hata jicho linaweza kudanganywa: chini ya zile taa za mirija zinazometameta, kisu kinachozunguka kwa kasi fulani kinaweza kuonekana kama kimesimama.

Halafu kuna hili letu kabisa, la stima. Stima inapotea katikati ya kazi. Mashine inanyamaza. Mtu anasema, basi tusafishe tukingoja. Hakuna aliyezima swichi, kwani kuna haja gani na stima haipo? Mashine iliyounganishwa kwa swichi ya kawaida tu, bila kile kifaa kinachojikata chenyewe umeme ukipotea na kukataa kuwaka hadi mtu abonyeze upya, itaanza kuzunguka dakika ile stima itakaporudi. Mkono uko ndani.

Tufanye hesabu ndogo. Silinda yenye visu 3, inayozunguka mara 4,000 kwa dakika, inapitisha kisu mahali pamoja mara 200 kwa kila sekunde. Binadamu mwenye afya anahitaji kama robo sekunde kushtuka na kuanza kurudisha mkono. Ndani ya robo sekunde hiyo kisu kimepita mara 50. Kwa hivyo tukimwambia mtu "kuwa mwangalifu" na tukaishia hapo, tunamwomba kitu ambacho mwili aliopewa hauna. Uangalifu unaweza kumzuia asipeleke mkono. Mkono ukishafika, hauna la kufanya. Na uangalifu wenyewe hupungua jioni, hupungua mtu akiwa na njaa, hupungua akiwa amemwacha mtoto mgonjwa nyumbani. Aliyetuumba anajua udhaifu huo. Mwenye mashine naye anaujua.

SHOKA, NG'OMBE NA PAA

Katika Torati ziko sheria tatu ambazo nimezisoma mara nyingi nikifikiria jambo hili, na naona zikipangwa pamoja zinatusaidia.

Ya kwanza iko Kumbukumbu la Torati 19:5. Watu wawili wanaenda msituni kukata miti. Mmoja anainua shoka, chuma kinachomoka kwenye mpini, kinampata mwenzake, anakufa. Huyu aliyeshika shoka anapewa mji wa kukimbilia. Hakuwa na chuki na hakukusudia. Basi Maandiko yanakubali kwamba iko ajali ya kweli, na tena yanatoa mfano wake katika kazi hii hii ya mbao.

Ya pili iko Kutoka 21:28-29. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na tabia hiyo, na mwenyewe alikuwa ameonywa na bado hakumfungia, hukumu inageuka kabisa. Ng'ombe ni yule yule, pembe ni zile zile. Kilichobadilika ni kile ambacho mwenyewe alikijua.

Ya tatu iko Kumbukumbu la Torati 22:8. Ukijenga nyumba mpya, unaambiwa uzungushe ukuta mdogo juu ya paa, ili mtu akianguka damu yake isiwe juu ya nyumba yako. Mapaa yao yalikuwa bapa na watu walipanda huko kila mara: Rahabu alianika kitani juu ya paa, Petro alipanda darini kuomba. Angalia jinsi sheria hii inavyofanya kazi. Haingoji mtu aanguke kwanza. Haingoji hata mwenye nyumba aonywe, kama ilivyokuwa kwa ng'ombe. Na haiulizi aliyeanguka alikuwa anatazama wapi. Inawezekana kabisa alikuwa mzembe, au alikuwa anaota mchana. Sheria inamwendea mjenzi kwa sababu alijua jambo moja, na hilo linatosha: watu watapanda hapa.

Sasa kusafisha mashine tukuweke wapi kati ya hizo tatu? Wengi hukuweka pamoja na shoka, tunasema ni bahati mbaya. Mimi nakuweka pamoja na paa. Mashine ya mbao hutoa maranda kila siku inapofanya kazi, na lazima mtu ayaondoe. Kwa hivyo tangu siku ile mashine inashushwa kwenye lori, inajulikana kwamba mkono wa mtu utasogea karibu na kisu. Kisichojulikana ni utakuwa mkono wa nani. Na mjenzi wa Torati hakuachiliwa kazi ya ukuta eti kwa sababu hakujua jina la atakayeanguka.

"LAKINI MCHUNGAJI, NI MTU MZIMA"

Hilo ndilo pingamizi ninalolisikia kwa wenye karakana. Nikimwambia azime na hazimi, nifanye nini? Kwani nimlinde kama mtoto?

Pingamizi hili lina ukweli ndani yake na sitaki kulipuuza. Mhubiri 10:9-10 inakumbusha kwamba anayepasua magogo yuko katika hatari ya magogo hayo, na papo hapo inasifu hekima ya mtu anayejua kazi yake. Hekima hiyo inatakiwa kwa mfanyakazi pia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 nayo inampa wajibu wake: ajitunze, awatunze wenzake, atumie vifaa alivyopewa, asiharibu kinga iliyowekwa. Fundi anayeng'oa kifuniko kwa sababu kinamchelewesha ana jambo la kujibu, hasa ikiwa kesho ni mwingine atakayesimama kwenye mashine hiyo.

Lakini tupime uzito wa kila upande. Chukua kibarua anayelipwa kwa idadi ya mbao zilizopita. Kila dakika mashine ikiwa imezimwa, yeye hapati kitu. Nyapara anamwangalia. Nje ya lango kuna vijana wanaongoja mtu mmoja afukuzwe. Ile sheria ya 2007 inampa haki ya kuripoti hatari kubwa na kujiondoa mahali hapo, na mwajiri hafai kumlazimisha arudi kabla ya kuirekebisha. Ni haki nzuri. Lakini kama kuitumia leo maana yake ni kukosa kibarua kesho, ni wangapi wataitumia, na kodi ya nyumba inangoja?

Basi yeye alichagua, sikatai. Alichagua kati ya vitu viwili ambavyo mwingine alimwekea mezani: zima ukose, au usizime upate. Aliyepanga malipo ndiye aliyechagua kwanza, na alichagua akiwa ameketi, bila kisu karibu naye, akiwa na wakati wa kufikiri.

Ndiyo maana neno "nilimwambia" halitoshi. Mdomo wa mdosi unaweza kusema zima kabla ya kusafisha, na wakati huo huo mfuko wake unasema usizime. Kibarua atasikia mfuko, kwa sababu huo ndio unaonunua unga.

Tena uliza ni nani hupewa kazi ya kusafisha. Mara nyingi ni yule mgeni, aliyeingia wiki hii, ambaye hajui hata mlio wa mashine ikiwa inapunguza mwendo. Tunadhani kusafisha ni kazi ndogo kwa sababu haitaki ujuzi wa kuranda. Ukweli ni kwamba hapo ndipo mkono husogea karibu na kisu kuliko wakati mwingine wowote, na hapo ndipo tunamtuma mtu anayejua kidogo kuliko wote.

HESABU YA BIASHARA, NA MAHALI INAPOISHIA

Nilisomea biashara chuoni, kwa hivyo wacha tuingie kwa hesabu kidogo. Tuseme mashine ina watu 3, kila mmoja analipwa Sh800 kwa siku ya saa 8, yaani Sh100 kwa saa. Ukiwapa dakika 20 za kusafisha, zilizolipwa, mashine ikiwa imezimwa na kufungwa, hiyo ni kama Sh100 kwa siku kwa wote watatu. Kwa siku 26 za mwezi ni Sh2,600. Ongeza thamani ya mbao ambazo zingerandwa katika dakika hizo. Jumla hiyo iweke katika bei yako, kama unavyoweka stima na kunoa visu. Sijawahi kusikia fundi akisema kunoa visu ni hasara.

Upande wa pili weka hivi: siku ambazo kazi imesimama, fundi mwenye ujuzi ambaye hayupo, wenzake ambao sasa wanaogopa mashine, na fidia. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima, na ina jedwali linaloonyesha asilimia ya ulemavu, kiungo kwa kiungo, mpaka vidole. Mara nyingi ukimaliza hesabu hii utaona dakika 20 ni nafuu, na wengi wa wenye karakana wangefaidika kuikalia chini na kalamu.

Lakini siwezi kuliacha jambo hapo, maana hesabu inaweza kukubaliana nasi leo na kutukataa kesho. Tuseme bima inalipa kila kitu, vibarua ni wengi, na mhasibu hodari anakuonyesha kwa tarakimu kwamba kidole kimoja kila miaka kadhaa ni bei ndogo kuliko dakika 20 za kila siku. Utafanya nini? Kama sababu yako ya kufunga mashine ilikuwa pesa peke yake, utaifungua.

Hapo ndipo biashara inaishiwa na maneno. Mkanda wa mashine ukikatika una bei, kwa sababu ukilipa unapata mwingine unaofanana nao. Mkono hauuzwi dukani. Ndio unaomshika mtoto akivuka barabara, unaofunga vifungo vya shati, unaokanda unga, unaosalimia watu mlangoni mwa kanisa. Fidia inamsaidia mtu aendelee kuishi, na ni haki yake kuipata bila kuzungushwa, lakini hairudishi kile kilichochukuliwa. Luka anapoeleza habari ya mtu aliyekuwa na mkono uliopooza ndani ya sinagogi, anataja kwamba ulikuwa mkono wa kulia (6:6). Kwa wengi wetu huo ndio mkono wa kazi. Walikuwepo pale watu walioketi wakihesabu siku, kama leo inaruhusiwa au hairuhusiwi. Bwana aliuponya mkono siku ile ile. Ratiba haikupewa nafasi ya kwanza.

UKUTA WA PAA KATIKA KARAKANA

Sasa mtu ataniuliza, huo ukuta kwenye mashine unajengwaje? Hauhitaji pesa nyingi. Nimeyapanga yafuatayo kwa ajili ya wenye karakana na wafanyakazi wao, wayasome pamoja.

1. Zima mashine, kisha zima swichi yake kuu na uifunge kwa kufuli ili isiweze kurudishwa. Kila mtu atakayeweka mkono ndani aweke kufuli lake, na ufunguo ukae mfukoni mwake mwenyewe. Wakiwa wawili, makufuli mawili. Ufunguo wa ziada usiachwe kwa nyapara. Mashine ya plagi ichomolewe, na plagi ikae mbele ya macho ya anayesafisha. Marekani iliufanya utaratibu wa kufuli kuwa amri kwa viwanda mwaka wa 1989, lakini kufuli lenyewe linapatikana hata kwa duka la mtaani.

2. Ngoja kisu kisimame kabisa. Usikisie, angalia mpaka uwe na hakika. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kuona kama mashine imekufa kweli, na uhakikishe umekirudisha pa kuzimia. Angalia pia nguvu iliyojificha: hewa iliyobaki kwenye mipira ya kompresa, sehemu nzito iliyoinuliwa inayoweza kushuka, gogo linaloweza kubingirika.

3. Mahali ambapo kifaa kinaweza kufika, mkono usiende. Tumia brashi yenye mpini mrefu, kijiti cha mbao, au mashine ya kufyonza vumbi. Hewa ya kompresa hurusha vumbi hadi machoni na mapafuni, kwa hivyo usiifanye fagio. Na kisu kilichosimama bado ni kisu. Kifunike unapofanya kazi karibu nacho, na glavu ngumu za kuzuia kukatwa zivaliwe hapo tu, wakati mashine imefungwa na haiwezi kuzunguka.

4. Stima ikipotea, jambo la kwanza ni kuzima swichi, kabla hata ya kuchukua simu. Halafu mwite fundi wa stima mwenye leseni aweke kile kifaa kinachozuia mashine kujiwasha umeme unaporudi.

5. Ukimaliza, rudisha vifuniko vyote, hesabu vifaa, hesabu watu. Kila mmoja atoe kufuli lake mwenyewe. Asiyekuwepo angojwe au atafutwe, kufuli lake lisivunjwe kwa haraka.

6. Zilipe dakika hizo. Bila hili la sita, yale matano yatabaki maandishi ukutani.

Asiyefundishwa haya asitumwe kusafisha mashine, hata kama ni "kupangusa kidogo tu". Na mtoto wa shule aliyekuja likizo kumsaidia baba asiguse kabisa.

SISI TUNAONUNUA

Kabla hatujamaliza, kuna mtu wa tatu ambaye hatujamtaja, naye ni mteja. Kanisa linaagiza viti 200 na linataka vifike kabla ya Pasaka. Mzazi anataka kitanda Ijumaa. Mjenzi anataka mbao za paa leo jioni, na akichelewa anahamia karakana nyingine. Haraka hiyo haiishii ofisini. Inashuka kwa mwenye karakana, inashuka kwa nyapara, na mwishowe inatua mahali ambapo hakuna mwingine wa kupokezana nayo, kwa yule kijana aliyesimama na kitambaa mbele ya rola. Haraka haraka haina baraka, tunasema, na mara nyingi tunamwambia mwenye kukimbia, huku sisi ndio tunaomkimbiza.

Sisemi tusiagize vitu wala tusipange tarehe. Nasema tunapoagiza, tuulize maswali mawili ambayo hayagharimu kitu: Ni siku ngapi mnahitaji kuifanya kazi hii sawasawa? Na mashine zenu zinasafishwa zikiwa zimefungwa? Mwenye karakana akiulizwa hivyo na wateja kumi, ataanza kuona kwamba kufuli ni sehemu ya biashara yake. Na yule aliyekwisha kulinunua hataonekana mjinga kwa sababu bei yake imepanda kidogo.

Kwa wewe ndugu yangu ambaye tayari umeumia: hakuna neno hapa la kukuongezea mzigo. Usiache mtu akwambie ulikosa imani. Kama hujafuatilia fidia yako, njoo ofisini tuzungumze, tutafute mtu wa kukuelekeza kwa ofisi za usalama na afya kazini. Mkono uliobaki una kazi mbele yake, na ushirika huu una mikono ya kukusaidia.

Na kwa wewe mwenye karakana, najua wengi wenu huanza Jumatatu kwa kuomba na wafanyakazi. Ni desturi njema, msiiache. Ila wiki hii, kabla hamjafumba macho, waulize: jioni hii mashine ikisafishwa, ufunguo utakuwa mfukoni mwa nani? Kama hakuna anayejua, mtume mtu dukani kwanza alete makufuli. Akirudi, simameni pamoja, mkaombe.